Kevin Moran, kutoka Croke Park hadi Wembley: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashabiki wengi wa Manchester United katika Afrika Mashariki wamewahi kusikia jina la Kevin Moran kwa sababu moja tu, nayo ni kutolewa kwake uwanjani katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1985. Nchini Ayalandi jina hilo lina uzito mwingine, kwa kuwa kabla ya kufika Manchester alikuwa tayari bingwa mara mbili wa mchezo mkubwa zaidi wa taifa lake. Majibu yaliyo hapa chini yanaanza na mambo ya msingi, kisha yanaingia katika yale ambayo wasomaji huyauliza baada ya kuyaelewa hayo.

## Mambo ya msingi

1. Kevin Moran ni nani?

Kevin Moran ni Mwayalandi aliyezaliwa Dublin tarehe 29 Aprili 1956. Alicheza mpira wa Kigaeli katika timu ya kaunti ya Dublin kuanzia 1976 hadi 1978, na akashinda ubingwa wa Ayalandi nzima mwaka 1976 na 1977. Mwezi Februari 1978 alijiunga na Manchester United, akadumu huko kwa miaka 10 akiwa beki wa kati, na akashinda Kombe la FA mwaka 1983 na 1985. Baadaye alichezea Sporting Gijón ya Hispania, kisha Blackburn Rovers, akastaafu mwaka 1994. Katika timu ya taifa ya Jamhuri ya Ayalandi alicheza mechi 71 na kufunga mabao 6.

Hutajwa kuwa mchezaji pekee mwenye medali ya ubingwa wa Ayalandi katika mpira wa Kigaeli pamoja na medali ya Kombe la FA. Kila moja ya medali hizo ni kilele cha mchezo wake, na alizipata ndani ya kipindi cha miaka 9 tu.

2. Mpira wa Kigaeli ni mchezo gani, na unatofautianaje na soka?

Ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 15 kila moja, unaochezwa kwa mikono na miguu kwenye uwanja mkubwa kuliko wa soka, wenye urefu wa mita 130 hadi 145. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao mkononi, lakini hawezi kupita hatua 4 bila ama kuudundisha chini au kuuangusha kwenye ncha ya kiatu na kuupiga kidogo ili urudi mikononi mwake. Haruhusiwi kuurusha, akitaka kumpa mwenzake, hana budi kuupiga kwa mguu, kwa ngumi au kwa kiganja. Kusukumana bega kwa bega ni halali.

Goli lina milingoti miwili mirefu yenye mwamba katikati na wavu chini yake. Mpira ukiingia wavuni, timu hupata goli moja lenye thamani ya pointi 3, na ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti, hupata pointi 1. Tangu mwaka 2025, mpira uliopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 na kupita juu ya mwamba huhesabiwa pointi 2, lakini utaratibu huo haukuwapo enzi za Moran.

3. Matokeo kama 3-8 dhidi ya 0-10 husomwaje?

Tarakimu ya kwanza ni idadi ya magoli na ya pili ni idadi ya pointi. Timu yenye 3-8 imefunga magoli 3, ambayo ni pointi 9, na kuongeza pointi 8, hivyo jumla yake ni 17. Timu yenye 0-10 haikufunga goli lolote na jumla yake ni 10. Huo ndio uliokuwa ushindi wa Dublin dhidi ya kaunti ya Kerry katika fainali ya 1976.

4. Je, wachezaji wa mpira wa Kigaeli hulipwa?

Hapana. Mchezo huu unaendeshwa na chama cha GAA, kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884, na hadi leo ni mchezo wa ridhaa. Mchezaji huanzia klabu ya mtaani au kijijini kwake, na akiwa hodari huchaguliwa kuiwakilisha kaunti yake. Hakuna usajili wa kununuliwa kutoka kaunti moja kwenda nyingine. Anayeshangiliwa na umati wa makumi ya maelfu Jumapili huamkia kazini kwake Jumatatu. Moran mwenyewe, alipokuwa bingwa wa Ayalandi, alikuwa kijana aliyesomea biashara katika Chuo Kikuu cha Dublin, UCD, na njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa ya uhasibu.

Ni muhimu kuliweka jambo hili akilini, kwa sababu linaeleza kwa nini mwaliko wa kwenda Uingereza haukuwa uhamisho wa kawaida. Hapakuwa na klabu ya kulipwa fidia wala mkataba wa kuvunjwa, bali kijana aliyekuwa akiacha mchezo wa nyumbani na taaluma aliyoisomea ili ajaribu bahati ugenini.

## Miaka ya Dublin

5. Alianzia wapi?

Alilelewa upande wa kusini wa jiji la Dublin, akasoma katika shule ya Drimnagh Castle, na klabu yake ya mpira wa Kigaeli ilikuwa Good Counsel ya Drimnagh. Michezo yote miwili ilikuwa katika maisha yake tangu utotoni, na soka aliendelea kuicheza hata alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

6. Kwa nini timu ya Dublin ya miaka hiyo inazungumzwa sana?

Kabla ya mwaka 1974, mpira wa Kigaeli ulikuwa umedorora katika jiji la Dublin, na ulionekana na wengi kuwa mchezo wa watu wa mashambani. Kocha Kevin Heffernan aliibadili hali hiyo kwa kuwajenga wachezaji wenye nguvu na pumzi kuliko ilivyozoeleka, na Dublin ikatwaa ubingwa wa 1974. Mwaka uliofuata ilifungwa na Kerry katika fainali, 2-12 kwa 0-11, na Kerry ile ilikuwa ya vijana wadogo waliowakimbiza Wadublin hadi wakachoka.

Heffernan aliona kwamba tatizo lilikuwa katika safu ya mabeki wa mbele, yaani wale watatu wanaocheza kati ya walinzi wa goli na viungo. Mwaka 1976 aliipanga upya kwa kuwaweka Tommy Drumm, Kevin Moran na Pat O'Neill, huku Moran akiwa katikati. Badala ya kumganda mshambuliaji aliye mbele yake na kumngojea, Moran aliruhusiwa kuuchukua mpira na kupanda nao. Badiliko hilo moja, kwa maoni yetu, ndilo lililoigeuza Dublin kutoka timu iliyopigwa na Kerry ikawa timu iliyoipiga Kerry mara mbili mfululizo.

7. Ni lile tukio gani la fainali ya 1976 ambalo watu hulisimulia?

Ni la dakika za mwanzo kabisa za mchezo wa tarehe 26 Septemba 1976 katika uwanja wa Croke Park, uwanja mkuu wa GAA mjini Dublin. Moran aliupata mpira akiwa nyuma, akapasua katikati ya uwanja kwa kasi, akapasiana na Bernard Brogan, akaurudishiwa, kisha akaachia shuti kali lililopita pembeni kidogo ya mlingoti. Halikuwa goli wala pointi, na ubao wa matokeo haukubadilika.

Hata hivyo, walioitazama mechi hiyo hulikumbuka shuti lile lililokosa kuliko magoli mengi yaliyoingia. Beki wa kati alikuwa amevuka uwanja mzima mbele ya mabingwa watetezi bila hofu, na Kerry walielewa papo hapo kwamba mpango wa mwaka uliopita usingefua dafu. Dublin ilishinda, na huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza dhidi ya Kerry katika mashindano ya ubingwa tangu 1934. Mwisho wa mwaka huo Moran aliteuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Ayalandi.

8. Na mwaka 1977?

Heffernan alikuwa amejiuzulu, na nahodha Tony Hanahoe akabeba mzigo wa ukocha huku akiendelea kucheza. Nusu fainali ya tarehe 21 Agosti 1977 iliwakutanisha tena na Kerry, na Dublin ikashinda 3-12 kwa 1-13 kwa magoli mawili ya dakika za mwisho. Wapenzi wengi wa mchezo huu bado wanaiita mechi bora kuliko zote zilizowahi kuchezwa. Fainali yenyewe haikuwa na ushindani wa kiwango hicho: Dublin iliilaza Armagh 5-12 kwa 3-6.

## Kuvuka kwenda Manchester

9. Manchester United ilimpataje?

Kupitia Billy Behan, mtafuta vipaji wa United mjini Dublin, mtu ambaye kwa miongo mingi aliipelekea klabu hiyo vijana wa Ayalandi. Behan alimwona Moran akicheza soka katika timu ya Pegasus, yenye mizizi katika Chuo Kikuu cha Dublin. Kocha wa United wakati huo alikuwa Dave Sexton. Moran aliondoka Dublin Februari 1978 akikaribia miaka 22, umri ambao katika soka la Uingereza vijana wengi huwa wameshapitia miaka kadhaa ya mafunzo ndani ya klabu.

Alilazimika kungoja. Mechi yake ya kwanza katika kikosi cha kwanza ilikuwa dhidi ya Southampton tarehe 30 Aprili 1979, siku moja baada ya kutimiza miaka 23.

10. Je, ni kweli kwamba alirudi kuichezea Dublin akiwa tayari mchezaji wa United?

Ni kweli. Septemba 1978, akiwa ameshasaini Manchester, alivaa tena jezi ya Dublin katika fainali dhidi ya Kerry, wakati Dublin ikiwania ubingwa wa tatu mfululizo. Aliingia uwanjani akiwa na maumivu ya msuli wa nyuma ya paja, akapasuka kichwani wakati wa mchezo, na akaendelea akiwa amefungwa bendeji. Dublin ilianza vizuri, lakini ikazidiwa na kufungwa 5-11 kwa 0-9, huku Eoin Liston wa Kerry akifunga magoli matatu peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho kubwa katika mpira wa Kigaeli.

Kwa mchezaji wa kulipwa kupewa ruhusa ya namna hiyo lilikuwa jambo la nadra hata wakati ule. Kuhusu kama lingewezekana sasa, tazama swali la 18.

11. Ujuzi wa mpira wa Kigaeli ulimsaidia nini katika soka?

Ulimsaidia kwanza hewani. Mchezaji wa Kigaeli hujifunza tangu utoto kuusoma mpira mrefu unaoshuka, kuchagua saa ya kuruka, na kuruka katikati ya watu wanaomgonga. Beki wa soka anayeutaka mpira huo kwa kichwa anahitaji hesabu ileile. Moran hakuwa mrefu sana kwa beki wa kati wa Uingereza, lakini alishinda mipira ya juu dhidi ya washambuliaji waliomzidi kimo.

La pili ni ujasiri wa mwili. Aliweka kichwa mahali ambapo wengine wangesita kuweka mguu, na picha zake nyingi za miaka ya 1980 zinamwonyesha akiwa na damu usoni au bendeji kichwani. Inasimuliwa kwamba alishonwa zaidi ya nyuzi 100 katika maisha yake ya mchezo.

Upande mwingine wa sarafu ni kwamba yapo mambo aliyopaswa kujifunza upya. Beki wa Kigaeli wa aina yake alisifiwa kwa kupanda na mpira, ilhali beki wa soka anayeacha nafasi yake bila mpango huiachia timu mwanya, na sheria ya kuotea, ambayo haipo kabisa katika mpira wa Kigaeli, humtaka atembee sambamba na wenzake wa safu ya ulinzi. Muda aliokaa katika kikosi cha akiba kabla ya kupewa nafasi ulikuwa wa kujifunza hayo.

## Manchester United na fainali ya 1985

12. Aliifanyia nini United kwa jumla?

Alicheza mechi 289 na kufunga mabao 24, idadi nzuri kwa beki. Alicheza chini ya makocha watatu, Dave Sexton, Ron Atkinson na Alex Ferguson, na kwa nyakati tofauti alishirikiana katika ulinzi na Martin Buchan, Gordon McQueen na Paul McGrath. Mwaka 1983 United ilitoka sare ya 2-2 na Brighton katika fainali ya Kombe la FA, kisha ikashinda 4-0 mechi iliporudiwa. United haikuwa bingwa wa ligi katika miaka hiyo, na kwa hiyo Moran hana medali ya ubingwa wa ligi ya Uingereza.

13. Kwa nini alitolewa uwanjani katika fainali ya 1985?

Fainali ilichezwa Wembley tarehe 18 Mei 1985 dhidi ya Everton, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa ligi na, siku tatu kabla, Kombe la Washindi barani Ulaya. Katika dakika ya 78, matokeo yakiwa 0-0, McGrath alipoteza mpira, Peter Reid wa Everton akaunasa na kuelekea golini, na Moran akateleza kuukabili lakini akamwangusha Reid badala ya kuupata mpira. Mwamuzi Peter Willis, ambaye kazi yake ilikuwa upolisi, alimwamuru atoke. Hakukuwa na kadi nyekundu iliyoonyeshwa, kwa sababu wakati huo Uingereza ilikuwa imesitisha matumizi ya kadi katika mashindano yake ya ndani.

Moran alikuwa mchezaji wa kwanza katika historia kutolewa kwenye fainali ya Kombe la FA. Wa pili alikuwa José Antonio Reyes wa Arsenal, miaka 20 baadaye. Rafu yenyewe ilikuwa ya kuchelewa, si ya kukusudia kuumiza, na kwa desturi ya soka la wakati ule wengi walitarajia onyo tu. Tunaona kuwa si haki kuyafupisha maisha ya mchezaji huyu katika tukio hilo moja.

United, ikiwa na watu 10, ilimrudisha mshambuliaji Frank Stapleton katika ulinzi, ikavumilia hadi muda wa nyongeza, na Norman Whiteside akafunga bao pekee katika dakika ya 110.

14. Je, alipewa medali yake?

Siku hiyo hapana. Alinyimwa alipopanda na wenzake jukwaani. Alikabidhiwa baadaye.

## Hispania, Blackburn na timu ya taifa

15. Alikwenda wapi baada ya United?

Mwaka 1988 alihamia Sporting Gijón, na Januari 1990 akarudi Uingereza kujiunga na Blackburn Rovers, iliyokuwa daraja la pili. Alikuwa sehemu ya kikosi kilichopanda kwenda Ligi Kuu mwaka 1992 chini ya Kenny Dalglish, baada ya kuishinda Leicester City 1-0 Wembley. Alistaafu mwaka mmoja kabla ya Blackburn kutwaa ubingwa wa 1995. Baada ya kuacha kucheza alifanya kazi ya uwakala wa wachezaji.

16. Mchango wake kwa timu ya taifa ulikuwa upi?

Aliichezea kwa mara ya kwanza dhidi ya Uswisi tarehe 30 Aprili 1980. Bao lake lenye maana kubwa kuliko yote lilikuwa dhidi ya Bulgaria mjini Dublin Oktoba 1987, mechi ambayo Ayalandi ilishinda 2-0, bao la kwanza likiwa la McGrath. Scotland ilipoifunga Bulgaria ugenini mwezi uliofuata, Ayalandi ilifuzu kwa mashindano makubwa kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Katika mashindano hayo ya Ulaya ya 1988, Moran na Mick McCarthy walisimama katikati ya ulinzi Ayalandi ilipoifunga Uingereza 1-0 mjini Stuttgart. Wawili hao walisimama tena pamoja katika Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia, na Moran alicheza mechi zote 5: sare na Uingereza, Misri na Uholanzi, ushindi wa penalti dhidi ya Romania, na kipigo cha 1-0 kutoka kwa wenyeji mjini Roma katika robo fainali. Mwaka 1994, akiwa na miaka 38, alikuwa tena katika kikosi kilichokwenda Marekani, ingawa hakucheza.

## Maswali ya pembeni

17. Nilisikia GAA ilikataza soka. Iliwezekanaje Moran acheze yote mawili?

Alizaliwa kwa wakati unaofaa. Kwa miongo mingi GAA ilikuwa na kanuni iliyomkataza mwanachama wake kucheza, na hata kuhudhuria, michezo iliyoitwa ya kigeni, yaani soka, raga, hoki na kriketi. Mwaka 1938 chama hicho kilimvua Rais wa Ayalandi, Douglas Hyde, nafasi ya mlezi wa chama kwa sababu alitazama mechi ya soka kati ya Ayalandi na Poland. Kanuni hiyo ilifutwa katika mkutano mkuu uliofanyika Belfast mwezi Aprili 1971, Moran akikaribia kutimiza miaka 15.

Waliomtangulia walilipa gharama. Con Martin alishinda ubingwa wa jimbo la Leinster akiwa na Dublin mwaka 1941, lakini kwa kuwa alicheza soka alinyimwa medali yake, akaja kuipata miaka 30 hivi baadaye, marufuku ilipoondolewa. Wakati huo alikuwa ameshaichezea Aston Villa na kufunga kwa penalti katika ushindi wa Ayalandi wa 2-0 dhidi ya Uingereza mwaka 1949. Mwaka 1970, kwa kuwa Martin O'Neill, aliyekuwa mwanafunzi, alikuwa akiichezea klabu ya soka ya Distillery, viongozi wa GAA wa kaunti ya Antrim walikataa fainali ya shule aliyotakiwa kucheza ifanyike uwanjani kwao Casement Park, na ikabidi ihamishiwe Omagh. O'Neill huyo alikuja kuwa nahodha wa Ayalandi ya Kaskazini katika Kombe la Dunia la 1982.

18. Je, mchezaji wa leo anaweza kurudia alichofanya Moran?

Kwa upande wa kanuni za GAA, hakuna kizuizi, na wachezaji wengi wa ridhaa huchanganya michezo yote miwili. Kizuizi kiko upande wa soka la kulipwa, ambako klabu haiwezi kukubali mchezaji wake ahatarishe mguu katika mchezo mwingine. Umri nao umekuwa kikwazo: vijana wa Ayalandi sasa huingizwa katika mafunzo ya soka mapema zaidi, na beki anayefika akiwa na miaka 22 bila malezi hayo hupata shida kufungua mlango. Ndiyo maana Waayalandi wengine waliofika mbali katika soka, kama Niall Quinn aliyecheza mchezo wa magongo wa Kigaeli (hurling) katika timu ya vijana ya Dublin, au Shane Long wa Tipperary, waliiacha michezo ya Kigaeli kabla ya kufikia kilele chake. Wale wanaotafuta malipo kwa ujuzi wa Kigaeli hukimbilia zaidi mpira wa Australia, njia iliyofunguliwa na Jim Stynes wa Dublin, aliyetunukiwa medali ya Brownlow ya mchezaji bora mwaka 1991.

19. Je, soka limewahi kuchezwa Croke Park?

Ndiyo. GAA ililegeza mwaka 2005 kanuni iliyokataza michezo kama soka katika viwanja vyake, na tarehe 24 Machi 2007 timu ya taifa ya soka iliifunga Wales 1-0 hapo, wakati uwanja wa Lansdowne Road ukijengwa upya. Moran alikuwa amestaafu miaka 13 nyuma.

20. Kevin Moran aliyekuwa nahodha wa Waterford ni yeye huyuhuyu?

Hapana. Huyo ni mchezaji wa magongo wa klabu ya De La Salle, aliyeiongoza Waterford katika fainali ya Ayalandi ya mwaka 2017 dhidi ya Galway. Wamefanana majina tu.